Ini halisafishwi, linapunguziwa mzigo

Wauzaji wa dawa za "kusafisha ini" wamebadili lugha. Zamani, ukipita Soko la Majengo au stendi kuu ya mabasi hapa Dodoma, ulisikia habari za "kutoa sumu mwilini" na basi. Sasa matangazo yao, hasa yale yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yanataja seli za ini zenye msongo, protini zilizoshindwa kujikunja, na unga wa majani au kidonge cha kuuzima msongo huo. Nusu ya maelezo hayo ni sahihi, na ndiyo inayomshawishi mteja anunue nusu iliyobaki. Msongo wa kukunja protini upo, umechunguzwa kwa zaidi ya miaka 30, na unahusika katika magonjwa mengi ya ini. Lakini ishara zinazowaka ndani ya seli wakati huo ni juhudi za seli kujiokoa. Seli ya ini ina utaratibu wake wa kupunguza kazi, kuongeza uwezo, kuondoa kilichoharibika na kisha kuzima kengele yenyewe. Kinachoiangamiza ni mzigo usiokoma. Kwa hiyo mkazi wa Dodoma, Kongwa au Chemba anayehofia ini lake ajiulize kwanza ni kitu gani kinaendelea kulibebesha, kabla ya kuuliza anywe nini.

Tuanze na ukubwa wa kazi. Ini la mtu mzima hutengeneza gramu 10 hadi 15 za albumini kwa siku, protini inayozuia maji ya damu yasivujie tumboni na miguuni, na inayobeba dawa, homoni na mafuta. Chukua gramu 10 tu, uzigawe kwa seli za ini zipatazo bilioni 200, na utaona kwamba kila seli hutoa molekuli zaidi ya laki tatu za albumini kwa dakika moja. Hapo hatujahesabu protini za kugandisha damu, za kubeba madini ya chuma na za kinga. Kila molekuli ya albumini ni mnyororo wa asidi amino 585. Unapotoka kwenye ribosomu, kiwanda kidogo cha protini ndani ya seli, mnyororo huo huingizwa moja kwa moja ndani ya retikulamu, yaani ule mtandao wa vifuko na mirija ya utando uliosambaa ndani ya seli, na humo ndimo unamokunjwa. Umbo lake hushikiliwa na madaraja 17 ya salfa, kila moja likiunganisha sisteini (asidi amino yenye salfa) mbili mahususi kati ya 35 zilizomo. Daraja moja likifungwa pasipo pake, umbo hupinda, sehemu zinazokimbia maji hubaki nje, na molekuli huanza kunatana. Kuzuia hilo, vimeng'enya maalumu hukata madaraja yaliyokosewa na kuyafunga upya, na protini saidizi iitwayo BiP hushika sehemu zilizo wazi hadi zikae vizuri. Kazi yote hiyo hutumia nishati, hutaka kalsiamu ya kutosha ndani ya retikulamu, na hutegemea uwiano mwembamba wa kemikali za kuoksidisha na glutathioni, kemikali ya seli ya kujikinga na uoksidishaji. Chochote kinachovuruga mojawapo ya hayo huzaa mrundikano.

Mrundikano ukianza, taarifa haipotei. Kwenye utando wa retikulamu kuna walinzi watatu: PERK, IRE1 na ATF6. Siku ya kawaida BiP huwa imewashikilia nao wametulia. BiP ikihitajika kwingine, kwenye protini zilizoharibika, walinzi huachiwa. PERK ndiye wa haraka. Ndani ya dakika chache hubandika fosfeti kwenye protini iitwayo eIF2α, na utengenezaji wa protini karibu katika seli nzima hushuka, hivyo mzigo mpya unazuiwa mlangoni. IRE1 hufanya jambo la kushangaza zaidi: huikata RNA, yaani nakala ya maagizo, ya jeni la XBP1 mahali pawili na kutoa kipande cha herufi 26, kisha kimeng'enya kingine huunga ncha zilizobaki. Kwa kuwa RNA husomwa herufi tatu tatu na 26 haigawanyiki kwa tatu, usomaji wa sehemu yote inayofuata huhama, na hupatikana protini ambayo sehemu yake ya mwisho ni tofauti kabisa. Hiyo ndiyo XBP1 iliyo hai, inayoingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kupanua retikulamu na kuondoa taka. ATF6 nayo husafiri hadi Golji, kituo cha seli cha kupanga na kusafirisha protini, hukatwa na vimeng'enya viwili, na kipande chake huenda kwenye kiini kuagiza protini saidizi zaidi, BiP ikiwemo. Saa kadhaa baadaye retikulamu huwa pana zaidi na yenye nguvu kazi kubwa zaidi. Wakati huo huo protini iliyoshindikana hutolewa nje ya retikulamu, hubandikwa alama ya ubikwitini, na kusagwa na proteasomu, kinu cha protini cha seli, hadi vipande ambavyo seli huvitumia tena. Mafundo makubwa yasiyoweza kupita njia hiyo humezwa pamoja na kipande cha retikulamu na kupelekwa kwenye lisosomu, kifuko cha kumeng'enya taka. Huo ndio usafishaji wa ini ulio wa kweli, na unaendelea ndani yako unaposoma hapa.

Jambo ambalo wauzaji hawaligusi kabisa ni namna msongo unavyomalizwa. Kengele haizimiki kwa kuchoka. PERK ile ile iliyofunga utengenezaji wa protini huwasha, kupitia protini iitwayo ATF4, jeni la GADD34, na GADD34 ndiyo inayokuja baadaye kuondoa fosfeti kwenye eIF2α ili kazi irudi. RNA ya XBP1 isiyokatwa nayo hutoa protini inayoikamata ile iliyo hai na kuipeleka ikaharibiwe, hivyo IRE1 ikipunguza kukata, ishara yake hufutika haraka. BiP mpya zikishatosha, huwarudia walinzi na kuwatuliza. Katika haya yote, kosa la muda lina gharama kubwa. Utengenezaji ukirudi wakati retikulamu imeshajipanga, maisha yanaendelea. Ukirudi mapema, minyororo mipya humiminika mahali pasipo na wa kuipokea, madaraja ya salfa hufungwa na kukatwa ovyo, kemikali kali za oksijeni huzalishwa, na seli hufa. Kwa hiyo dawa inayovunja ishara ya PERK katikati ya msongo inaweza kumaliza seli ambayo ingepona. Ndiyo maana neno "kuzima" linanitia wasiwasi kila ninapolisikia kwenye matangazo haya.

Retikulamu iliyopanuka nayo hurudishwa kwenye ukubwa wake, na hili lilionekana kwenye ini lenyewe zamani sana. Fenobabito, dawa ya kifafa inayotumika sana kwenye vituo vyetu vya afya, huifanya seli ya ini iongeze utando wa retikulamu kwa ajili ya vimeng'enya vinavyoichakata. Mwaka 1973 watafiti waliopima seli za panya kwa hadubini ya elektroni walionyesha kwamba dawa ikisitishwa, seli humeza utando wa ziada na kurudi kawaida ndani ya siku chache. (Mgonjwa wa kifafa asisome hapa kwamba aache dawa. Kupanuka huko ni mwitikio wa kawaida, na kuacha fenobabito ghafla ni hatari kubwa.) Funzo lake kwa mada yetu ni kwamba chanzo kikiondoka, ini hujipanga lenyewe, kwa kasi inayopimika. Chanzo kikibaki, hadithi hugeuka. PERK na ATF4 hupandisha protini iitwayo CHOP; CHOP hulazimisha utengenezaji urudi hata kama hali hairuhusu, na huisukuma seli kwenye kifo cha kujimaliza. Seli moja moja ikifa, jirani zake hugawanyika na kuziba pengo. Zikifa mfululizo kwa miaka, seli zinazotengeneza kolajeni huamshwa, makovu hujengeka, na hapo tunazungumzia sirosisi.

Je, kuuondoa mwitikio huu kungesaidia? Jibu la wazi lilitolewa mwaka 2008 kwa panya waliopewa tunikamisini, kemikali inayozuia sukari kubandikwa kwenye protini ndani ya retikulamu. Panya wa kawaida walipata msongo mkali, kisha maini yao yakatulia. Panya waliokosa jeni la ATF6, ambao kabla ya hapo maini yao hayakuwa na kasoro, walishindwa kuumaliza msongo huo na maini yakajaa mafuta. Walikuwa salama hadi siku ya shida, na siku hiyo ndipo walipohitaji walichonyimwa. Zaidi ya hapo, mwitikio huu si wa ugonjwa peke yake. Panya aliyeshinda na njaa akilishwa, XBP1 huwaka kwenye ini lake ndani ya saa chache, kwa sababu chakula kimeleta kazi. Ishara ya msongo baada ya mlo ni ishara ya ini linalofanya kazi. Na hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachopima msongo wa retikulamu kwa mgonjwa. Kile kimashine cha kushika mkononi kinachotoa ripoti ya mwili mzima kwa dakika moja hakiwezi kuona kitu kinachotokea ndani ya utando wa seli ya ini, hata kama karatasi yake imechapishwa vizuri na ina rangi nyekundu penye "hatari".

Upande wa pili una hoja moja nzito, na haifai kuipuuza. Ishara hizi za msongo huonekana kweli kwenye ini lenye mafuta, kwenye ini la mnywaji na kwenye homa ya ini. Kwa nini basi tusiisaidie seli kukunja? Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba TUDCA, asidi ya nyongo inayosaidia protini kukaa sawa, ilipunguza ishara za msongo kwenye maini ya panya wanene na kurekebisha sukari yao. Mwaka 2010 watu wanene waliopewa miligramu 1750 kwa siku kwa wiki nne waliitikia insulini vizuri zaidi, kwa karibu asilimia 30, kwenye ini na kwenye misuli. Huu ni ushahidi halali. Lakini usome hadi mwisho: kwenye misuli, ambako sampuli zilichukuliwa, ishara za msongo wa retikulamu hazikubadilika. Manufaa yalikuwepo, na maelezo ya njia yake hayakuthibitika. Dutu hiyo hiyo, ikichanganywa na fenilibutirati, ilipewa wagonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva, kwa mantiki ya kutuliza msongo wa seli. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2024 halikuonyesha faida, na dawa ikaondolewa sokoni mwaka huo huo. Linganisha na njia ya kupunguza mzigo. Kuna ugonjwa wa kurithi ambamo protini ya alfa-1 antitripsini, kwa kosa la asidi amino moja tu, hukunjika vibaya na kurundikana ndani ya retikulamu za seli za ini. Mwaka 2022 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 16 waliopewa dawa inayozuia RNA ya protini hiyo isisomwe, yaani mnyororo mbovu usitengenezwe kabisa. Mrundikano kwenye maini ulishuka kwa wote, kwa kiwango cha kati cha asilimia 83. Hakuna aliyegusa kengele. Walifunga bomba.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayouza zaidi: kwamba dawa ni ya majani, haina madhara, na waliotumia wamepona, vipimo vyao vinaonyesha. Chochote unachomeza, kiwe kidonge au mzizi, hufika kwenye ini na mara nyingi huchakatwa na vimeng'enya vya saitokromu P450, ambavyo makazi yake ni utando wa retikulamu ile ile tunayodai kuipumzisha. Dondoo kali la chai ya kijani limewahi kuumiza maini ya watu. Mimea ya jamii ya Crotalaria na Heliotropium, inayoota hata huku kwetu, baadhi ya spishi zake zina alkaloidi ambazo ini lenyewe huzigeuza kuwa sumu na kuziba mishipa yake midogo. Kuhusu vipimo, angalia hesabu. Kimeng'enya ALT kilichovuja kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa 47 hivi. AST, kimeng'enya kingine cha ini, kila baada ya saa 17 hivi. Muuzaji humwambia mteja: tumia wiki mbili, usiguse pombe, acha dawa nyingine, kula mboga. Wiki mbili ni saa 336, yaani nusu saba za ALT. Kama kilichokuwa kinaumiza ini kimeachwa siku ya kwanza, ziada ya ALT ingeshuka chini ya asilimia moja ya ilivyokuwa hata kama chupa ingejaa maji matupu. Sifa wanapewa majani, wakati kazi imefanywa na kuacha pombe.

Basi ni mzigo gani unaolielemea ini la mtu wa Kanda ya Kati? Kwanza sumukuvu, yaani sumu ya kuvu wa nafaka na karanga. Mwaka 2016 watu 68 waliripotiwa kuugua kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Sumukuvu aina ya B1 huamshwa na P450 kwenye utando wa retikulamu, ikawa kemikali inayonata kwenye DNA na kwenye protini, albumini ikiwemo, na glutathioni ndiyo inayotumika kuidhibiti. Madhara yake makuu ni kwenye DNA, sitaki kumpotosha msomaji. Lakini glutathioni inayoisha hapo ndiyo hiyo inayohitajika kurekebisha madaraja ya salfa. Mwenendo wa shamba unaujua kila mtu huku: ukame unaudhoofisha mmea, kuvu wa Aspergillus anaingia mapema, mavuno yanaanikwa kwenye udongo, karanga zinaloweshwa ili maganda yalainike wakati wa kubangua kwa mkono. Kisha zile zilizosinyaa na kubadilika rangi, ambazo mnunuzi amezikataa, zinasagwa kuwa unga wa kuungia mboga nyumbani. Kupika hakuiondoi sumu hii. Kinachosaidia ni kukausha mahindi hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5, kuanika juu ya turubai, kumenya karanga zikiwa kavu, kuchambua na kutupa mbovu badala ya kuzirudisha jikoni, na kukoboa, kwa sababu sehemu kubwa ya sumu hukaa kwenye pumba na kiini cha punje. Asiye na kipima unyevu atie nafaka na chumvi iliyokaushwa ndani ya chupa kavu, atikise, aache dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15 na mzigo huo haufai kuingia ghalani. Chumvi isiponata, aendelee kuanika siku kadhaa zaidi, maana 15 bado si 13.5.

Pili ni virusi vya homa ya ini aina ya B, na hapa uhusiano na mada yetu ni wa moja kwa moja. Protini za ganda la virusi hutengenezwa ndani ya retikulamu. Ile ndefu ikizidi haitoki. Hurundikana hadi seli, chini ya hadubini, inaonekana ina ukungu. Mwaka 1989 ilionyeshwa kwamba panya waliowekewa jeni la protini hiyo, bila virusi vyenyewe, waliumia maini kwa muda mrefu na hatimaye kupata saratani. Mrundikano pekee ulitosha. Na virusi hivi vikikutana na sumukuvu kwenye ini moja, hatari ya saratani huongezeka kwa kiasi kinachozidi sana jumla ya hatari hizo mbili. Pombe na dawa zisizo na usimamizi nitazipitia kwa haraka kwa sababu zinajulikana zaidi: pombe huongeza kimeng'enya CYP2E1 na kupunguza glutathioni, na paracetamol inayozidi gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, hupita njia hiyo hiyo. Wengi huzidisha bila kujua, kwa kumeza kidonge cha maumivu pamoja na dawa ya mafua ambayo ndani yake nayo ina paracetamol.

Ukiyaweka haya pamoja, baadhi ya mambo tunayoyafanya yanapaswa kupangwa upya. Kwenye Soko la Kimataifa la Kibaigwa, kupima unyevu kabla ya gunia kushonwa ni kinga ya ini kuliko bidhaa yoyote ya dukani, na halmashauri zinazokusanya ushuru wa mazao zina kila sababu ya kulisimamia hilo. Kiwango cha Afrika Mashariki kipo: mahindi yasizidi mikrogramu 5 za sumukuvu B1 kwa kilo, na 10 kwa jumla ya aina zote. Kwenye kliniki, ALT peke yake haitoshi kumwambia mgonjwa kwamba ini lake linafanya kazi, kwa kuwa inaonyesha seli zinazopasuka leo tu. Uwezo wa kukunja na kutoa protini husomwa kwenye albumini, ambayo nusu ya maisha yake ni siku 20 hivi na hivyo hushuka polepole, na kwenye INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, ambayo hubadilika ndani ya siku moja au mbili kwa kuwa baadhi ya protini za kugandisha damu huishi saa chache tu. Mtu mwenye ALT iliyoshuka huku INR ikipanda hajapona. Huenda seli za kupasuka zimekwisha. Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji, au mtu akianza kuchanganyikiwa, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo, na aende na kila chupa na kila mzizi aliokuwa anatumia ili daktari avione.

Na yule ambaye hana dalili yoyote lakini ametenga fedha za dozi ya kusafisha ini, azipeleke kwenye kipimo cha HBsAg, yaani cha virusi vya homa ya ini aina ya B. Akikutwa hana virusi na hajawahi kuchanjwa, chanjo kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Watoto hupata yao ndani ya chanjo ya pamoja wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Akikutwa navyo, aandikishwe kliniki, apimwe wingi wa virusi na hali ya ini, na watu wa nyumbani kwake wapimwe pia.